Viti vya Majirani

Niliwaambia wenyeji wetu wa Ikungi jambo moja tu: wageni wakija, msibadilishe kitu. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Utafiti wetu ulifuatilia vijana waliokosa ada na mtaji. Tuliwapa cherehani na kuwafundisha ushonaji, ili tuone kama pengo kati yao na wenzao litapungua. Sasa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mwakilishi wa wafadhili, alikuja kuamua kama fedha ziendelee. Nikampeleka kwa binti niliyejua kwao kuna hali ngumu kuliko kwa wenzake wote.

Mlangoni nikasita. Sebule iliyozoea mkeka na kigoda ilikuwa na viti vyenye mito, meza yenye kitambaa cha kufuma na chupa ya chai inayong'aa. Jogoo pekee wa nyumba ile alikuwa kwenye mchuzi. Kwetu Singida mgeni hakalishwi chini, hata kama viti vyote vimeazimwa kwa majirani.

"Mbona hawa wanajiweza?" mgeni akaninong'oneza.

Nilikasirika. Nikisema ukweli, namwaibisha mama wa binti. Nikinyamaza, cherehani zinaondoka.

Binti alikuwa amesikia. "Samahani shangazi, naomba usimame kidogo."

Akabeba kiti alichokuwa amekalia mgeni, akatoka nacho hadi kwa jirani. Akarudi, akachukua kingine. Mama yake akamkaripia kwa Kinyaturu, kisha Kiswahili kikamtoka: "Unanivua nguo mbele ya wageni!"

"Nisamehe, mama. Mficha uchi hazai."

Mgeni akaketi mkekani, akala ugali na mchuzi wa jogoo, akauliza maswali mpaka jua likapoa. Fedha ziliendelea. Lakini mama wa binti hakufurahi. Kila nilipomwamkia aliitikia marahaba huku akiangalia pembeni, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Mwaka uliofuata nikarudi na dodoso langu. Binti alikuwa uani, anashona sare za shule. Nikamwuliza mama yake ni nini kimebadilika hapo nyumbani. Aliingia ndani, akatoka na kiti cha mbao, kipya, bado kinanukia vanishi, akanisogezea.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Hiki hakirudi kwa mtu."