Bi Mikono Akubali Kupimwa

Saluni yake ilikuwa na viti viwili tu, lakini watu hawakumwendea kwa ajili ya nywele peke yake. Walimwita Bi Mikono kwa sababu alisema akifumba macho na kuinua viganja, nguvu zake humfikia mgonjwa hata aliye mji mwingine. Naye aliliamini jambo hilo kwa moyo wote.

Siku moja mtoto wa dada yake, mtafiti chuoni, akamwomba, "Mama mdogo, tukupime. Tuna watu wazima waliojitolea kule chuoni. Nusu yao utawatumia nguvu, nusu hapana, na wenyewe hawatajua. Kisha tutaangalia kama waliotumiwa wanafikiri na kutembea vizuri zaidi kuliko wenzao."

Dada yake aling'aka. "Usikubali! Huyu mwanangu atakuvua nguo hadharani."

"Kama si kweli," alijibu Bi Mikono, "nani anapaswa kujua kabla yangu?"

Akaifanya kazi ile kwa uaminifu, kila jioni, simu ameizima. Majibu yalipotoka, makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Alilia kidogo, akanawa uso, kisha akawapigia wateja wake na kuwaeleza mwenyewe.

Wengine walimkasirikia. Fundi cherehani mmoja mzee, ambaye mguu wake ulikuwa mzito tangu apate kiharusi, aliuliza, "Sasa mimi unaniachaje?"

"Sikuachi, baba. Kesho nakuja, tufanye yale mazoezi uliyopewa hospitali."

Akaenda kweli. Mpaka leo huenda kabla ya kufungua saluni, akamshika kiwiko, wakatembea wakitaniana njia nzima.