Maji Tuliyokuwa Tukichemsha Bure

Siku ile uani kwetu Kabondo tulikuwa watano: mimi; mdogo wangu wa kike aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Serikali; kitinda mimba wetu, msichana pia; mama jirani anayeuza makaa; na mama muganga wa kituo cha afya, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za matumbo. Baba na mama walikuwa wamekwisha kutuacha. Mimi niliacha shule ili hawa wawili waendelee, na tangu hapo naendesha toleka, nabeba abiria kwa baiskeli mpaka Makiso.

Mwaka uliotangulia homa ya matumbo ilimlaza mdogo wangu wiki ile ile ya mtihani. Wenzake walienda, yeye akabaki amegeukia ukuta. Sasa mtihani ulikuwa unakaribia tena, na tumbo limeanza kumsokota. Sikuelewa. Maji ya kunywa tulichemsha kila asubuhi, na mimi mwenyewe nilisimama juu ya sufuria mpaka yatokote.

Mama muganga akaniomba nimwonyeshe. Nikachochea makaa, maji yakatokota sawasawa, nikaipua. Kisha, kama tulivyozoea ili watoto wanywe kabla ya shule, nikainua bidoni, lile dumu letu la maji ya chemchemi, ya baridi na maangavu kabisa, nikamimina kidogo ndani ya sufuria ili yapoe.

Mama muganga akashika kiuno.

"Bon, vizuri. Umewaua wadudu wote," akasema, "halafu umeita ndugu zao waje kwenye matanga."

Mama jirani alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikamkatika, akasema kwake pia wanapoza hivyo hivyo. Ua mzima tulikuwa tunapoza hivyo.

Mimi nilitaka kuruka kwa furaha. Miaka yote nilikuwa napigana na kitu nisichokiona, na sasa nilikuwa nimeujua mlango kinaoingilia. Nikamwuliza mama muganga maswali mpaka akachoka. Alisema tuchemshe jioni, tufunike, tuache yapoe yenyewe ndani ya sufuria ile ile, na tuchote kwa kopo lenye mkono, vidole visiguse maji. Mdogo wangu akapewa dawa, akaambiwa azimalize hata akijisikia mzima.

Tumbo likatulia. Akaanza kula, akaanza kusoma kwa sauti mpaka majirani wakalalamika, na mimi nikawa naendesha toleka huku naimba.

Jioni ya kuamkia mtihani, mvua ikapenya paa, ikalowesha makaa yetu yote kabla sijachemsha; ya mama jirani yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Asubuhi nikahangaika mpaka moto ukakubali, lakini maji yalipotokota, mdogo wangu alikuwa tayari amevaa sare, chupa yake ya plastiki mkononi. Maji yale yangeiyeyusha. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye bidoni.

"Yaya, kaka yangu, acha," akasema. "Afadhali niende na kiu."

Lakini siku nzima ya mtihani, kwa joto lile, angenunua maji yoyote ambayo angeuziwa mlangoni mwa shule. Nikakimbilia kwa mama jirani. Alikuwa na sufuria moja iliyopoa, ya nyumba yake yote, na binti yake ndani ana mimba. Aliijaza chupa yetu mpaka shingoni. Nikamwambia jioni nitamrudishia.

"Maji kwa maji sitaki," akasema. "Binti yangu akijifungua, wewe ndiye utachota na kuchemsha maji ya mzazi, ya kunywa na ya kuoga, asubuhi na jioni, mpaka atoke nje. Tutaona kama mwanaume wa toleka anajua moto."

Nikakubali pale pale, nikampakia mdogo wangu, nikakanyaga pedali mpaka Makiso, penye mtihani, kama mtu aliyebeba gavana.

Aliufanya mtihani wote, mpaka karatasi ya mwisho. Matokeo yalipoingia kwenye simu, tulimmwagia poda kichwani mpaka akawa mweupe kama muhogo uliomenywa, na watu wakacheza barabarani. Aliyemwaga nyingi kuliko wote alikuwa mama jirani. Alipomaliza kupangusa mikono, alimvuta binti yake mbele yangu, akanionyesha tumbo lilivyokwisha kushuka.

"Kijana," akasema, "usije ukasema sikukuambia."

Nimekwisha kuweka magunia ya makaa mahali pakavu. Mtoto bado hajazaliwa.