Nekoye wa Tatu

Hebu mfikirie Phelista akiingia soko la Misikhu, mkoba ameubana kwapani, anapita katikati ya mafungu ya viazi na nyanya bila kuuliza bei. Hakuja kununua. Ametoka Kibomet, kule Kitale, ambako anasagia watu mahindi, na leo kinu amemwachia mumewe. Anamtafuta mdogo wake, Edinah, anayeuza mitumba karibu na akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani.

Kabla hajamfikia, wacha nikueleze kinachomsumbua. Mzee Makokha, baba yao, alikuwa na shangazi aliyeitwa Nekoye, akafa kwa ugonjwa wa titi. Dada yake Mzee akapewa jina hilo hilo, naye titi likamuua akiwa bado kijana. Phelista alipozaliwa akawa Nekoye wa tatu, na tangu utotoni baba yake humwita "dada", mzaha wenye mapenzi ndani yake. Pale nyumbani Sirisia watu walikuwa na wazo moja, ingawa walilisema kwa sauti ya chini: lile jina lina maneno, linamfuata anayelibeba.

Phelista hakungoja maneno. Alienda hospitali akapigwa picha ya matiti, ikatoka safi. Lakini daktari aliposikia habari za ukoo akaweka kalamu chini, akashauri damu yake ipimwe zaidi. Majibu yakaja kwamba ana hitilafu kwenye jeni, ule urithi mtu anaopokea kwa wazazi. Si kwamba ni mgonjwa, daktari alimweleza polepole, ila hatari yake ni kubwa kuliko ya wanawake wengine, na lazima awe akichunguzwa kila mwaka. Kisha akaongeza jambo lililomnyima Phelista usingizi. Hitilafu hiyo hupita hata kwa mwanamume, na kwa ukoo wao, ilionekana imepitia kwa baba. Edinah naye anaweza kuwa nayo, nusu kwa nusu.

Basi akamfikia Edinah, akamweleza yote. Edinah alisikiliza huku akikunja sweta.

"Dada, si hiyo ni shida ya Nekoye? Mimi nilipewa jina la kukhu, mama yake mama. Yule alikufa meno yameisha yote."

"Damu haiulizi mtu anaitwa nani."

"Ati damu. Wacha wakubadilishie hilo jina kwanza, halafu tuongee mambo ya damu."

Phelista akalidaka hilo. Akamuuliza, wakimbadilishia, atakubali kupimwa? Edinah akasema atakubali. Mteja akaja, wakaachia hapo.

Hivyo ndivyo familia ilivyokusanyika Sirisia. Kuku akachinjwa, mchungaji akaomba, na mama mmoja mzee wa ukoo akamwita Phelista kwa jina jipya, Nasimiyu, mpaka akaitika. Mzee Makokha alikaa kwenye kiti chake. Wakati wa kula, alimwinulia Phelista kikombe.

"Mama, niongezee chai."

Hakusema dada. Phelista alimimina chai akiangalia pembeni.

Baadaye, wakiosha sufuria nyuma ya jikoni, Edinah alikuwa mchangamfu kama mtu aliyetua mzigo. Akauchukua mkono wa dada yake uliolowa, akauweka chini ya kwapa lake mwenyewe. Pale palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya mahindi.

"Hakiumi," akasema. "Nilikuwa naogopa juu ya hayo mambo yako. Sasa imeisha, bana."

Phelista alishindwa kuutoa mkono. Akamkumbusha ahadi ya Misikhu.

"Niliahidi kabla hujaombewa. Nikienda sasa, si ni kama nasema watu walikula kuku bure? Baba akiniambia niende, nitaenda. Baba peke yake."

Phelista akamfuata Mzee alikokuwa ameketi akipukuchua mahindi. Akakaa, akachukua hindi, akaanza kwa mbali, kwamba Edinah ana kitu kwapani na anafaa kuonwa na daktari. Mikono ya mzee ikasimama.

"Tulimaliza hiyo leo, mama. Lilikuwa jina. Nililipenda, na nimeliachilia ili nyinyi mpone." Akamtazama usoni. "Kama halikuwa jina, niambie wewe uliyeongea na daktari. Ni nini kilinimalizia shangazi na dada?"

Nyuma ya jikoni Edinah alikuwa akicheka na wake za kaka zake. Jibu Phelista alikuwa nalo, na alijua mzee hatamtuma mtoto wake hospitali bila kulisikia. Alijua pia kwamba mtu huyu, aliyewazika wawili na kumlea wa tatu kama dada yake, atabaki nalo kila siku atakayoamka.

Ungekuwa wewe umekaa pale, hindi mkononi, ungemwambiaje baba yako kwamba hitilafu ile ilipitia kwake?