Ng'ombe Mwenye Utepe Mwekundu

Dada yangu Muireann alianza raga akiwa na miaka saba, kwa sababu uwanja wa klabu umepakana na malisho yetu na mipira ilikuwa ikiangukia kwa ndama. Alikuwa akiwarudishia wachezaji. Siku moja alipeleka mpira akakaa hukohuko mpaka wakati wa kula. Alicheza na wavulana hadi miaka kumi na miwili, kisha sheria ikamkataza, baba akawa anampeleka mjini Nenagh kwenye timu ya wasichana, mara mbili kwa wiki, mvua isimzuie.

Timu ya taifa ilimwita akiwa na miaka kumi na tisa. Padri alilitaja jina lake kanisani. Baba si mtu wa kusifu, baada ya mechi alisema tu kwamba skrumu ya kwanza, pale timu zinaposukumana, ilikuwa mbovu. Kazi ya Muireann uwanjani ilikuwa kuwaangusha wenye mpira, na aliwaendea chini sana, penye magoti.

Mimi ni Ailbhe, mdogo wake. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nyonga ya baba ilipoharibika, kwa hiyo ng'ombe ni wangu asubuhi na jioni. Ukikamua unaona mengi, maana mikono ina kazi na macho hayana.

Kila msimu ukianza, daktari wa timu huwapima wachezaji akili. Wataje miezi kinyumenyume, wakumbuke maneno kumi, wasimame kwa mguu mmoja. Majibu yanatunzwa. Ukigongwa kichwa unapimwa tena, na ukiyafikia yale ya mwanzo unarudi uwanjani. Msimu mmoja ulipokaribia nilimkuta Muireann jikoni, anasema Desemba, Novemba, Septemba, anasimama, anaanza upya. Nikamwuliza kulikoni.

"Ninajifunza kukosea," akasema. "Wachezaji wakubwa wote wanafanya. Ukianza mjinga, huna pa kushukia."

"Basi wewe mazoezi ya nini?"

Akanitupia kitambaa cha vyombo.

Mwezi wa tatu, wakicheza na Wales, goti la mtu lilimpata sikioni. Alirudi nyumbani apumzike hadi Alhamisi, siku ya kupimwa, na Jumamosi walikuwa na Ufaransa. Alituambia yuko sawa. Alikula viazi vyake, akataniana na baba. Ila taa ya jikoni aliizima kila alipopita.

Jumatano asubuhi alikuja kunisaidia kukamua. Tulikuwa na ng'ombe mmoja aliyechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe wa namna hiyo hufungwa utepe mwekundu mguuni, na maziwa yake humwagwa mpaka dawa iishe. Utepe ule alikuwa ameufunga Muireann mwenyewe, jana yake. Nilimwona akiutazama. Akamvisha mashine ya kukamulia kama wengine, na nilipomwita maziwa yalikuwa yameshaingia kwenye tangi kubwa.

Baba alifungua bomba, maziwa ya siku mbili yakaenda shimo la samadi. Alisema mtoto amechoka, safari zimezidi. Muireann akamwomba radhi, baba akamwambia yamekwisha. Tukaosha sakafu. Kabla hatujamaliza akaniuliza kwa nini baba amemwaga maziwa.

Nilimjibu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha.

Alhamisi walimpima huko Dublin, akafaulu. Jioni hiyo daktari, anaitwa Lacey, alipiga simu nyumbani, maana kabla ya kumruhusu mtu huwauliza wanaoishi naye. Mama na baba walikuwa kwa ndama. Aliniuliza kama nimeona badiliko lolote.

"Miezi aliitaja vizuri?" nikamwuliza.

"Vizuri kuliko mwanzo wa msimu."

"Mwanzo wa msimu alikosea makusudi."

Nikamweleza na habari ya maziwa, na lile swali la baadaye. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikasema kumi na saba. Akasema asante, Ailbhe.

Walimrudisha nyumbani Ijumaa. Jumamosi tulikaa mbele ya televisheni, pazia limefungwa, sauti chini. Mama alileta mkate wa soda na siagi, hakuna aliyeugusa. Msichana wa Galway alikuwa amevaa jezi yenye namba ya Muireann.

"Ni wewe," Muireann akasema, macho kwenye televisheni.

"Ni mimi."

"Si ungengoja Jumamosi ipite."

"Ni kwa sababu ya Jumamosi sikungoja."

Kipindi cha pili yule msichana alimwendea Mfaransa kifuani, akatupwa kando. Muireann akamwambia, polepole, kama mtu aliye karibu naye, aende chini zaidi.

Wakati wa kiangazi madaktari bingwa wa kichwa walimwambia asicheze tena. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa tunakamua wote wawili, na mimi ndiye ninayefunga utepe. Watu wakimwuliza mama ni mechi ngapi Muireann aliichezea timu ya taifa, anasema kumi na moja, halafu anawauliza kama watakunywa chai.