Aliyenikemea Nyuma ya Magunia

Mjukuu wangu, kuna siku moja ya Ramadhani naikumbuka mpaka leo, na mimi huyu siku hizi husahau hata miwani iliyo puani. Ilikuwa miaka ya sitini, nikifanya kazi godauni la kahawa kule Shimanzi, Mombasa. Nakuhadithia kwa sababu nimesikia umepandishwa cheo, umepewa watu wa kuwaongoza, na mamako asema umeanza kutembea kifua mbele. Kifua hicho nakijua. Nilikuwa nacho.

Shule niliiacha katikati, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha. Lakini nilijua kuitikia "yesa" kwa sauti nzuri, basi tajiri wetu akaona huyu ndiye. Nyapara wa zamani alipostaafu, nikapewa kofia yake. Ilinishukia mpaka machoni, nami nikaona imenikaa sawasawa.

Mahamali wetu, wabeba mizigo wa godauni, walikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na sisi wa Mji wa Kale, nikiwa na Abdalla, mwenzangu tangu chuo cha Kurani tulipokuwa tukichapwa pamoja. Kulikuwa na Mutua, Mkamba mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Na kulikuwa na Wagiriama Wakristo kutoka Kaloleni, mkubwa wao Mzee Charo, mtu wa umri wa babangu.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, nikapanda juu ya magunia nikatangaza: "Wanaofunga wakae kivulini washone magunia. Wasiofunga wabebe!" Nikashuka nikijisifu moyoni, ama kweli nina huruma. Sikumuuliza mtu hata mmoja. Ningeuliza nini, na kofia ninayo?

Siku yenyewe sasa. Malori yalikuwa mlangoni, meli yasubiri kahawa. Asubuhi tajiri alikuwa ameniambia: mzigo usipotoka kabla ya alasiri, genge lote laondoka, wewe ukiwa wa kwanza. Na pale nje ya geti, mwanangu, watu wa kutaka kazi hawakukosekana.

Adhuhuri, malori hayajajaa hata nusu, Mzee Charo na wenzake wakaketi. Wakaketi hivi, kimya, migongo imeloa jasho. Nikapandwa na kiherehere.

"Mzee! Umechoka au umegoma?" nikapiga kelele mbele ya watu wote. "Kama umezeeka, nenda kwenu ukachunge mbuzi!"

 Sindano za kushonea zikasimama.

"Yakhe Athumani," akasema Abdalla, "maneno hayo wamwambia mzazi?"

Mzee Charo akainuka taratibu, akajipangusa vumbi la kahawa magotini. Nikajua nitapigwa, na wallahi nilianza kuitafuta njia ya kutokea. Lakini yeye akanishika mkono tu. "Njoo huku, mwanangu." Akanipeleka mpaka nyuma ya safu ya magunia.

"Hapa hawatusikii," akasema kwa sauti ya chini. "Mbele yao siwezi kukusema. Kesho utataka wakutii."

Mwanangu, yule niliyemvunjia heshima hadharani alikuwa ananisitiri.

"Sisi twabeba tangu asubuhi," akaendelea. "Tukitaka kula, twaenda nyuma ya choo, mhogo mkononi na nzi usoni, ili nyinyi mliofunga msituone. Hakuna aliyetuamuru. Twawaheshimu tu. Wewe umetupangia kazi bila kutuuliza. Na hao wenzako je, umewauliza?"

"Wamefunga, mzee. Nawahurumia."

"Waulize."

Kabla sijajibu, tukasikia gari la tajiri. Tukatoka. Tajiri akatazama malori, akatazama watu walioketi, akanitazama mimi. "Kuna nini hapa?"

 Mzee Charo angesema neno moja tu, ningelala nyumbani bila kazi siku ile ile.

"Hakuna kitu, bwana," akasema Mzee Charo. "Nyapara wetu alikuwa akishauriana nasi. Sasa hivi twaendelea."

Tajiri akaguna, akasema "alasiri," akaingia garini.

Nilivua kofia. Matusi nilikuwa nimeyatoa mbele ya watu, basi na samahani nikaiomba mbele yao. Kisha nikauliza, kwa mara ya kwanza tangu niwe nyapara: "Nyinyi wenyewe mwaonaje?"

Abdalla akaruka kama aliyefunguliwa kamba. "Mimi umenikalisha na sindano kama bi harusi! Asubuhi nina nguvu ya daku, nipe mzigo. Jua likipanda ndipo unipe kivuli."

"Na sisi tupe pahali pa kula kama watu," akasema Mutua. "Tukishiba, mchana tuachie sisi."

Basi ndivyo tulivyopanga tangu kesho yake, na pembeni tukatundika pazia la magunia, watu wakala wameketi. Lakini siku ile tulibeba sote, aliyefunga na asiyefunga. Hata mimi nilijitwika gunia, likanipeleka kushoto badala ya mlangoni.

"Nyapara!" akacheka Mutua. "Wewe unalibeba, au linakubeba?"

Malori yalitoka kabla ya adhana ya alasiri. Hakuna aliyefukuzwa. Watoto wa nyumba nyingi walipata nguo za Idi mwaka ule, na mimi nikabaki na kazi iliyokuja kumlea mamako.

Kwa hiyo, mwanangu, watu wako waulize kabla hujawapangia, hata unapowapangia kwa huruma. Yule wa dini nyingine au wa kabila jingine huenda anajificha kwa ajili ya heshima yako. Usimngoje aje kulalamika, mtafute wewe. Ukiwa na la kumkemea mtu, mvute kando. Ukimkosea mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya hao hao. Na mtu akikusitiri, mshukuru angali hai. Mimi Mzee Charo nilimshukuru kila Idi mpaka alipofariki, na bado naona sijamaliza.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko cheo chako, akujaalie watu wa kukwambia ukweli kwa upole, na akufikishe uzeeni ukiwa na wengi wa kuwashukuru. Amina.