Boti Iliyojengwa Newala

Enzi za ruksa, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda Newala na pikapu zao, Fikirini seremala alipatwa na wazimu wa boti. Boti, jamani! Newala, ambako mtu anaoga kwa kikombe na maji ya kuoshea mboga yanafulia nguo! Lakini Fikirini alikuwa hatulii. Alikuwa mtu wa kunywa chai amesimama, mlango wa mteja haujakauka rangi yeye keshaanza kabati.

Wazimu wenyewe uliletwa na gazeti la Ulaya lililofungiwa vipuri vya gari. Kasiani, dereva wa mnunuzi mmoja, alilitupa uani; Fikirini akalikunjua na chai ikapoa. Picha ilionyesha baba, mama na watoto juu ya boti yenye tumbo kubwa katikati na matumbo madogo mawili kando, kama ngalawa za Mikindani. Picha ya chini, boti ileile imeyakunja yale matumbo ya kando kama mabawa, iko juu ya tela, inavutwa na gari.

Msimcheke bure, sababu alikuwa nayo. Mkewe, Zena, alikuwa na mama mzazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Wakati wa vita Zena alivuka kuja huku na mtumbwi, mtumbwi ukapinduka, kaka yake akaenda na maji mbele ya macho yake. Akaapa hakanyagi mtumbwi tena. Sasa vita vimekwisha, habari zimefika kwamba mama yu hai ila miguu imekataa, na Zena akawa halali usingizi.

"Baba Wema," alimwambia mumewe, "mama atakufa kule nami niko hapa namenya mihogo."

Basi Fikirini akaanza kulinganisha. Gazetini zilikuwamo boti za namna tatu: ya mabawa yanayojikunja chini ya tumbo, ya mabawa yanayorudi nyuma, na ya mabawa ya kung'oa. Kuiacha boti mtoni hakukuwezekana, ingeibwa kabla ya asubuhi. Na njia ya kupandia Newala imebanwa na mwamba, kitu kipana hakipiti. Akachonga vijiboti vitatu, akaviweka vielee ndani ya beseni, akivisukuma kwa kidole na kuviwekea vijiwe badala ya watoto.

"Maji yangu hayo!" Zena alipiga kelele. "Nimeyatoa bondeni, shingo inaniuma, wewe unayachezea!"

"Navuka kwa mama yako hapa," alijibu, hakuinua kichwa.

Ya kurudi nyuma iliyumba kabla haijafunguka yote. Ya kung'oa Kasiani aliipenda. "Chukua hiyo, Fiki. Kinachong'oka hakikwami." Fikirini akaguna. Ushike nyundo majini, mamba anakutazama? Akachagua ya kukunja. Akaijenga kwa mninga mkavu, na viungo vya mabawa akavifunga kwa pini za mti, kama alivyozoea kwenye makabati yake: hata uzi haupenyi. Newala nzima ilimjua kwa kazi ya kubana.

Kiangazi Kasiani aliwateremsha hadi mtoni, boti juu ya tela, watoto wameachwa kwa jirani. Zena alipanda macho ameyafumba. Boti ikayumba kidogo, ikatulia, mabawa yakaushika mto huku na huku. Katikati ya maji akafumbua jicho moja. "Haipinduki," akasema, na akaanza kulia.

Walilala ng'ambo, boti majini imefungwa kwenye mti, Kasiani amebaki na gari upande huu. Kesho yake mama yake Zena, bibi wa kina Wema, akatolewa kibandani, amekwisha, mifupa mitupu, lakini ulimi mzima. Mkwe wake hakuthubutu kumgusa, aibu gani hiyo! Wanawake ndio waliombeba. Ilishakubaliwa kwamba apande mlima akiwa ndani ya boti juu ya tela, asije akabanana na mkwe ndani ya pikapu.

Waliporudi upande huu, mabawa yakagoma kukunjika. Usiku kucha mbao na pini zilikuwa zimekunywa maji na kuvimba. Fikirini alivuta, aligonga, alitukana. Hakuna! Yule fundi wa kubana alikuwa amejibana mwenyewe.

"Tungoje yakauke," alisema, jasho likimtoka.

"Mimi naondoka," alisema Kasiani. "Gari si langu, na korosho zinanisubiri Masasi."

Zena akachukua msumeno mwenyewe, akamkabidhi. "Unaonea mbao huruma, Baba Wema?"

Akakata. Kila msumeno ulipopita alihisi unapita kwenye mbavu zake. Walipanda Newala na boti isiyo na mabawa, bibi amekaa ndani ameshika kingo, wanawake wa sokoni wakampigia vigelegele.

Je, alitulia? Wapi! Wiki haikuisha akawa anachonga mabawa mapya, safari hii ya kung'oa, maana bibi alikwisha kusema: "Mwanangu nimemwona, nashukuru. Mvua zikikatika nirudisheni, wengine wako kule, na mume wangu kazikwa kule." Fikirini alifurahi kuambiwa hivyo. Safari nyingine hiyo!

 Mvua ya kwanza ilipokaribia, Zena aliwaita majirani wakaiburuta boti hadi penye mchirizi wa paa la bati. Mvua ikapiga, boti ikajaa pomoni. Masika yale Zena hakushuka bondeni hata mara moja. Maji yakipungua alijazia kwa ndoo, hata za kununua.

Mvua zilipokatika Fikirini alitoka na mabawa yake begani, yamepakwa mafuta, yanang'aa. Alimkuta mkewe amesimama mbele ya boti iliyojaa.

"Mama Wema, niyamwage haya, tukaijaribu mtoni."

"Ukiyamwaga, mama anaondoka." Akaushika ukingo wa boti. "Nimemkosa miaka yote ile. Safari hii simwachii mtu."

Ndani ya nyumba bibi alikohoa, akamwita Wema amletee maji ya kunywa.  Fikirini akayaegemeza mabawa ukutani, akachukua kata, akachota ndani ya boti yake, na kumpa mtoto ampelekee bibi.