Dakika Nilizompa Mama Mkwe

Mwaka niliopunguzwa kazini nilikuwa na miaka arobaini na kitambi cha ofisini. Biashara ilikuwa imeachiwa huria, na mnunuzi mmoja wa tumbaku akatangaza nafasi za walinzi wa ghala lake pale Songea. Vyeti hakuvitaka. Alitaka pumzi.

Kipimo kilikuwa rahisi kukieleza: kuzunguka uwanja wa mpira wa Mshangano raundi sita ndani ya dakika kumi na mbili. Msimamizi, mwalimu wa michezo aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, alikuwa na saa mkononi na filimbi mdomoni. Asiyefikisha, kwaheri. Nyumbani watoto wanne walikuwa wananitegemea, basi nikakimbia kwa moyo wote, kitambi kikinitangulia.

Raundi ya tano nikaona mama anakatiza uwanja na mzigo wa kuni kichwani. Mama mkwe! Kwetu mkwe hapitwi mbio kama mbuzi. Unampisha, unachutama, unasalimu, unangoja. Nikatoka kwenye mstari, nikachutama.

"Shikamoo, mama."

Akaitikia, kisha akauliza habari za watoto, za mahindi, na za jino la binti yake. Nilijibu yote huku natweta na wenzangu wakinicheka.

Filimbi ilipolia nilikuwa nimebakiza nusu raundi. Mwalimu akafunga daftari. Niliona aibu, na hasira pia, hata kwa yule mama.

Mmoja wa waliokuwa wakicheka akamweleza mama mkwe kilichotokea. Akatua kuni zake. Tangu nimuoe binti yake hakuwahi kuniingilia katika jambo lolote. Sasa akamfuata mwalimu moja kwa moja.

"Mwanangu, huyu hakuchoka. Dakika zake kanipa mimi. Mrudishie."

Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi, akacheka. "Hata mimi nina mkwe," alisema. "Haya, dakika mbili."

Kazi niliipata, na watoto wakasoma. Namshukuru yule mama mpaka leo kwa maneno yale, lakini zaidi kwa kile alichofanya baadaye. Nilikuwa namalizia ile nusu raundi iliyobaki, naye amesimama palepale penye mstari wa mwisho. Nikajua nikimfikia itabidi nichutame tena, na nikichutama sitainuka. Zilipobaki hatua chache akageuka, akanipa mgongo, ili nipite.